Keki Iliyonunua Redio Kol

Watu wa kaunti ya Sorrell hawapendi kodi. Wanapenda keki. Waombe nusu senti juu ya kila dola wanayotumia dukani, ili sherifu wao apate gari lisilozimika mlimani, na watapanga foleni tangu asubuhi kwenda kuikataa kwa kura. Hata mzee asiyeweza kutembea ataletwa kwa gari la mjukuu ili naye asikose kukataa. Lakini weka keki juu ya meza katika ukumbi wa zimamoto, mwite dalali wa mnada wa ng'ombe, na mzee yuleyule atatoa noti za mia bila kupepesa macho, kisha aondoke akinung'unika kwamba keki yenyewe ina sukari nyingi.

Ndivyo idara ya sherifu ilivyovishwa na kulishwa miaka yote. Fulana za kuzuia risasi, nyingine zilitoka kwa Wabaptisti na nyingine kwa Wamethodisti, na askari walijua nani kavaa ya nani, kwa sababu za Wamethodisti zilikuwa na mifuko. Magari yalinunuliwa kutoka kwa polisi wa barabara kuu yakiwa yameshachoka. Ukiutazama mlango jua likiwa limelala upande, uliiona nembo ya zamani ikichungulia chini ya mpya. Buti kila askari alijinunulia. Jeshi lilipogawa bure vitu vyake vya ziada, Sorrell iliomba darubini ikaletewa kasha zima la viatu vya kutembelea juu ya theluji. Jimbo nalo lilikuwa na fungu la boti, na pesa za boti haziruhusiwi kununua kitu kingine, basi wakachukua boti. Mto wa Sorrell mwezi wa nane unavukwa na kuku.

Chini ya jengo la kaunti, katika chumba kinachopakana na mahabusu, aliketi Oleta Crabtree. Kazi yake ilikuwa kupokea simu za watu wenye shida na kuwaita askari kwa redio kol. Alikuwa mwanamke mnene mwenye miguu midogo, na viatu alivivua asubuhi akavisukuma chini ya meza mpaka muda wa kutoka. Sauti yake ilikuwa nzito, ya mkwaruzo kidogo, sauti ya mtu aliyeacha sigara akiwa amechelewa. Haikuwa na haraka. Nyumba inaungua, mume kashika bunduki, ng'ombe kakwama kwenye matope, Oleta alisema vilevile tu: haya, nieleze. Na mtu akaeleza.

Alikipata kiti hicho kwa msiba. Mumewe, Dub, alikuwa mkata miti, na mti mmoja haukuanguka upande alioutaka yeye. Sherifu wa wakati ule alimpa Oleta kazi ya redio kama rambirambi, akidhani atakaa mpaka deni la jeneza liishe. Sherifu huchaguliwa kwa kura. Huyo akaja kutolewa, akaja mwingine, akatolewa, na Oleta akabaki, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kumpigia kura wala kumpinga.

Minada ya keki aliianzisha yeye. Siku moja alikuta askari wawili wakibadilishana fulana moja mlangoni, anayetoka akimvalisha anayeingia, jasho likiwa bado bichi. Akaenda nyumbani akaoka. Keki yake ilikuwa ile ya matabaka, chapati nyembamba za unga na asali ya miwa zilizopangwa moja juu ya nyingine, katikati rojo la matufaha makavu. Hailiwi siku ileile. Inafunikwa kitambaa inaachwa ilale, na ikiamka imeshakuwa kitu kimoja.

Mnada wenyewe ulikuwa na taratibu zake, na hazikuandikwa popote. Ya kwanza, mwokaji husimama kando ya keki yake na kusema kwa kinywa chake pesa ni za nini. Akishasema, hakuna wa kugeuza. Kuna sherifu mmoja aliyepewa pesa za breki akanunulia zulia la ofisi. Uchaguzi uliofuata alipata kura za ndugu zake tu, na si wote, na lile zulia mpaka leo linaitwa breki. Ya pili, anayenunua keki haondoki nayo. Anasema, uza tena. Dalali anaiuza tena, na aliyeinunua naye anasema hivyo hivyo, na keki moja inaweza kuuzwa mpaka watu waanze kuionea huruma.

Kati ya askari wa sherifu alikuwemo Kenton, mtoto wa marehemu mdogo wake Oleta. Alimlea tangu akiwa na meno ya maziwa. Nyumbani alimwita mama mkubwa. Kwenye redio alimwita Kituo, naye Oleta akamwita Sorrell Saba, na hakuna aliyewahi kuwasikia wakikosea.

Mwezi wa pili, mchana, mvua ya barafu ikinyesha, Kenton alitumwa bonde la Piney kutazama mzee mmoja ambaye moshi wa jiko lake haukuonekana tangu asubuhi. Piney ni bonde lililobanwa na vilima pande zote, na mnara wa redio wa Sorrell ulikuwa mfupi, tena mzee. Askari akiingia kule, sauti yake hukatika kama mtu aliyezibwa mdomo. Wote walijua. Waliagana kabla ya kuingia na kusalimiana wakitoka.

Kenton aliaga. Gari likateleza kwenye daraja la mbao, likashuka kijitoni kwa ubavu, na mguu wake ukavunjika chini ya usukani. Aliita. Kule chumbani Oleta alisikia mchakacho mtupu, ule wa mahindi yakikaangwa mbali. Ndani ya mchakacho ule kulikuwa na kitu, si neno, kitu chenye kupanda na kushuka. Akajua ni yeye. Akaita, akangoja, akaita, akangoja. Akatuma askari mwingine, lakini huyo alikuwa upande wa pili wa kaunti, na gari lake halikupenda baridi. Mwishowe Kenton alijiburuta mpaka kwa yule mzee aliyetumwa kumtazama. Mzee alikuwa mzima. Alikuwa amelala tu. Ndiye aliyepiga simu, na kitu cha kwanza alichomwambia Oleta ni kwamba kuna askari anamchafulia sakafu.

Baada ya hapo Oleta hakuwa na lingine. Redio kol mpya, na mnara wa kufika Piney. Alimwambia Sherifu Doyle Stamper kila alipopita mlangoni, na Sherifu, mtu mrefu, mpole, aliyezoea kuomba mpaka mabega yake yameinama, alikwenda mbele ya makamishna wa kaunti kuomba.

Sherifu ana bunduki na nyota kifuani, ila pochi wanayo makamishna. Walikuwa watatu, na mwenyekiti wao Lowell Gaddy alifuga fahali wa mbegu na alijivunia jambo moja maishani, kwamba kila mwaka kaunti chini yake ilibakiza pesa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayezima taa ya chumba ambamo wenzake bado wameketi.

Siku ya kikao ukumbi ulijaa, si kwa sababu ya redio. Greda la kaunti lilikuwa limekufa, na watu walikuja kugombana kama litengenezwe au liuzwe, na barabara ya nani imekosa changarawe. Gaddy alieleza kwamba jimbo lina ruzuku ya mitambo ya mawasiliano, kwamba litatoa sehemu kubwa na kaunti itoe ndogo, na kwamba hata hiyo ndogo kaunti haina. Akamtazama Oleta aliyekuwa anazunguka na birika la kahawa. Watu wote wakamtazama. Oleta akasema matufaha anayo. Wakapiga makofi.

Kisha Gaddy akasoma masharti ya ruzuku, haraka, kwa sauti ya mtu anayesoma maandishi ya nyuma ya chupa ya dawa. Kaunti zitakazopokea zitaunganisha upokeaji wa simu katika kituo kimoja, nacho kitakuwa katika kaunti jirani ya Maddock. Hakuficha, alisoma mbele ya kila mtu. Lakini nyuma kule wanaume wawili walikuwa wamefikia kushikana kola kwa ajili ya changarawe, na Oleta alikuwa amemkamata mmoja kwa mkono wa shati, birika mkono wa pili, akimwambia akimwaga kahawa ataifuta kwa ulimi. Makamishna wakanyoosha mikono. Ikapita. Wakarudi kwenye greda.

Basi alikausha matufaha. Alizunguka makanisani akiwasihi wanawake waoke vizuri kuliko mwaka uliopita, na wale walioleta keki za dukani aliwataja kwa majina. Aliwaambia watu habari za Piney mpaka wakazijua kwa moyo. Hakuna aliyewahi kuuza redio kol kwa bidii ile. Aliona tu kwamba Sherifu siku hizo amekuwa mwepesi wa kutoka, anaingia kwa mlango wa mahabusu, na kila akimwita ana haja ya kwenda chooni.

Wiki ya mnada alikuja kijana mmoja fundi na futi ya kupimia. Akaomba radhi, akapita nyuma ya kiti cha Oleta, akapima ukuta. Akamuuliza kwa adabu kama anajua friza ya vielelezo vya kesi itakaa upande huu au ule, kwa kuwa yeye atakata waya mapema. Oleta alicheka, akamwambia amepotea chumba. Kijana akatazama karatasi yake, akatazama namba ya mlango, akawa mwekundu masikio. Oleta akaacha kucheka.

Alivaa viatu. Hilo peke yake lilitosha kuwanyamazisha mahabusu alipopita. Alimkuta Sherifu ofisini, juu ya breki.

“Doyle,” akasema, “yule kijana anapima ukuta wangu.”

Sherifu akatazama buti zake. “Ilisomwa kwenye kikao, Bi Oleta.”

“Sikuuliza ilisomwa wapi.”

“Nilidhani umesikia. Kisha nikaona unakausha matufaha, nikasema, mama wa watu amekubali. Nikakuheshimu sana.”

“Ukaniheshimu umejifungia chooni.”

“Hiyo nayo ni kweli,” Sherifu akasema kwa unyonge. “Ningekwambia ningekosa redio, nisingekwambia ningekukosa wewe. Nikaona bora nisiseme, labda nitapata vyote.”

Alimweleza yaliyobaki akiwa bado anatazama buti. Maddock wanaajiri, lakini kwa mtihani wa kompyuta, na ni mwendo mrefu wa milima, na wanataka watu wanaochapa kwa vidole vyote. Oleta alichapa kwa vidole viwili na penseli.

Mji ulijua kabla ya chakula cha mchana. Sasa kila mtu alikumbuka kwamba alilisikia lile sharti, na kila mtu alidhani wenzake wamelisikia vizuri zaidi. Wanawake wa keki walimjia wakamshauri kwa minong'ono iliyosikika mpaka nje. Mwokaji ndiye anayesema pesa ni za nini, si ndiyo? Basi aseme breki. Aseme matairi. Aseme mbwa. Bila keki yake sehemu ya kaunti haitatimia, ruzuku itapotea, na Oleta atabaki kitini mpaka afie hapo. Kwa kinyozi walikuwa wanawekeana dau.

Gaddy alikuja mwenyewe, amebeba paja la nyama ndani ya gazeti. Akakaa ukingoni mwa meza. Alisema hakuna mwenye ubaya naye, ni hesabu. Mshahara wake ukiokolewa, mwaka wa kwanza tu kaunti inapata gari, na gari hilo Kenton huenda akapewa.

“Na sehemu ya kaunti nani anailipa?” Oleta akamuuliza.

“Ninyi, wa mnada.”

“Mimi, kwa hiyo. Nainunulia kaunti mlango wa kunitolea.”

Gaddy akafikiri. Alikuwa mtu wa haki kwa kadiri alivyoelewa. “Ukilisema hivyo,” akasema, “linasikika vibaya.”

“Wewe unalisemaje?”

Gaddy akainuka akaondoka, akaiacha nyama.

Jioni, jua likiwa bado juu ya kilima, Kenton alikuja jikoni. Alikuwa amerudi kazini, mguu una vyuma ndani, na hakukaa chini kwa sababu kuukunja ulimuuma. Aliegemea friji. Oleta alikuwa anapanga matabaka na hakugeuka.

“Mama mkubwa, sema breki,” Kenton akasema.

“Magari yote yana breki.”

“Sema basi matairi. Watu watapiga makofi vilevile. Piney nitakuwa napita polepole.”

“Ulipita polepole na mwezi wa pili.”

Kenton akachota rojo kwa kidole, akapigwa kofi la mkono, kama kawaida. “Na wewe utakuwa unafanya nini hapa mchana kutwa?”

“Nitakaa.”

“Hujui kukaa.”

“Nitajifunza. Wewe si ulijifunza kutembea?”

“Sitaki uifanye kwa ajili yangu,” akasema. “Nitakuwa nakuonea aibu kila nikishika ile redio.”

“Nani kakwambia ni kwa ajili yako?” Oleta akasema. “Nimeshasema nitasema redio? Toka, unaniwekea nywele kwenye keki.”

Ukweli ni kwamba hakujua atasema nini. Usiku alilala kwa upande wa redio, asubuhi akaamka kwa upande wa breki. Alijua vizuri kile kiti ni nini kwake. Dub alipokufa, nyumba ilinyamaza, na kile kiti kilimpa kaunti nzima ya kuongea nayo. Mtu angeweza kumwambia ni kazi tu. Mtu mwenyewe angekuwa na mke nyumbani.

Ukumbi wa zimamoto ulijaa mpaka watu wakaketi kwenye ngazi za gari la maji. Keki zilikuwa nyingi mwaka ule, na nzuri, Oleta mwenyewe aliwachapa wanawake kwa maneno mpaka zikawa nzuri. Ziliuzwa, zikauzwa tena. Dalali alizungusha ulimi wake wa mnadani, na kila keki ilipopita watu walikuwa wanahesabu vichwani, na kila hesabu iliishia palepale. Bila keki ya Oleta haitoshi.

Akaitwa. Akapanda jukwaani kwa viatu vilivyombana. Gaddy alikuwa mstari wa mbele, kofia juu ya goti. Sherifu alisimama mlangoni, tayari kutoka. Kenton aliegemea ukuta wa pembeni, mguu mmoja mbele, akimtikisia kichwa taratibu: breki, mama mkubwa.

Alishika kipaza sauti kama anavyoshika cha redio, na dole gumba likatafuta kitufe ambacho hakikuwepo. Ulimini alikuwa na breki. Neno lenyewe lilikuwa pale, limeshalowa. Watu walikuwa kimya, hata watoto, na ule ukimya wa watu wengi ukawa na mchakacho ndani yake, viti, pumzi, koti likisugua koti. Akausikiliza, kwa mazoea. Aliusikiliza muda mrefu kidogo kuliko ilivyokuwa heshima. Dalali akakohoa.

“Pesa za redio kol,” Oleta akasema. “Ifike Piney.” Akatazama mstari wa mbele. “Na Lowell asije akanunua zulia.”

Walicheka kwa nguvu, kicheko cha watu walioondolewa mzigo, maana kila mmoja alikuwa ameogopa kwamba itabidi amlaumu. Gaddy alitaja bei ya kwanza, kubwa, kabla dalali hajauliza, kisha kwa kuchanganyikiwa akaipandisha mwenyewe. Dalali akampatia. Uza tena, Gaddy akasema. Ikanunuliwa na Sherifu, ambaye kila mtu alijua hana pesa hizo. Uza tena. Wamethodisti wakachanga wakainunua kama kanisa, Wabaptisti hawakuweza kulivumilia hilo. Uza tena. Waliowekeana dau kwa kinyozi wakatoa dau lenyewe. Mwishowe ikarudi kwa Gaddy, imeinama upande na alama za vidole, na yeye hakusema uza tena. Aliikumbatia akaenda nayo nyumbani, na mkewe alisimulia baadaye kwamba aliila peke yake, amesimama, bila kuwasha taa.

Sehemu ya kaunti ilitimia na kuzidi. Kilichozidi walinunulia friza.

Mnara ukajengwa. Waya zikakatwa. Chumba cha Oleta kikawekwa friza ya vielelezo, na kielelezo cha kwanza kilikuwa paa aliyepigwa risasi msimu usioruhusiwa, akafuatiwa na paa wengine, na inasemekana wengi wao hawakuwahi kufika mahakamani. Walimpa Oleta kibao cha shukrani chenye jina lake. Alipouliza kama anaweza kuchukua na kiti, walitazamana. Mali ya kaunti haitolewi bure. Wakamuuzia kwa dola moja, wakamwandikia risiti.

Kile kiti akakiweka jikoni, kando ya simu, akaanza kujifunza kukaa.

Hakupewa nafasi. Wasichana wa Maddock hawakuwa na kosa lolote, walikuwa na adabu na wepesi. Lakini kwanza waliuliza namba ya nyumba, na jina la barabara, na namba ya kumpigia mtu endapo simu itakatika. Mtu wa Sorrell akipatwa na jambo hataki kuulizwa, anataka kusikilizwa. Wa kwanza kupiga jikoni alikuwa yule mzee wa Piney, aliyetaka kujua kwa nini kuna mnara unammulikia dirishani. Oleta akamwambia haya, nieleze. Baada yake simu haikunyamaza. Walimweleza, akawasikiliza, kisha akaipigia Maddock na kuwasomea yote kwa mpangilio waliotaka, namba ya nyumba, barabara, kila kitu. Wasichana walimpenda. Mmoja alimwambia kwamba Sorrell ndiyo kaunti isiyowasumbua kabisa.

Kikao cha bajeti cha mwaka uliofuata kilikuwa kifupi kuliko vyote. Gaddy alisimama kueleza kwamba upokeaji wa simu za dharura, ambao zamani uligharimu mshahara mzima, sasa unaigharimu kaunti mchango mdogo kwa Maddock na basi, na malalamiko hakuna. Alilisema kwa unyenyekevu. Mtu wa nyuma akauliza simu ya Bi Oleta analipa nani. Makamishna watatu wakatazama makabrasha yao. Gaddy akasema hilo haliko kwenye bajeti, kwa hiyo kikao hakina mamlaka ya kulijadili, na wakaendelea na greda.

Oleta alisimuliwa jioni ileile na watu watano tofauti, kila mmoja akiwa amepiga kwa jambo jingine.

Mwezi wa kumi na moja, siku ya mvua, alikuwa amekaa na soksi mbele ya meza. Kenton alikuwa amemletea redio ndogo ya kusikilizia, iliyokwisha tumika, isiyoweza kujibu, na Oleta alikuwa akiiacha inanong'ona mchana kutwa karibu na birika. Simu ikalia. Ilikuwa Gaddy, pumzi juu, anapiga kutoka kwenye gari. Uzio umeanguka, fahali wake wako barabara kuu, malori yanakuja na ukungu umeshuka.

“Si upige Maddock, Lowell?” Oleta akasema. “Ile namba ni fupi. Mliilipia.”

“Nimepiga. Binti ananiuliza niko maili ya ngapi. Mimi najua niko wapi, Oleta, niko hapa.”

“Haya, nieleze.”

Akaanza kueleza. Ndipo redio ndogo ikafunguka.

“Kituo, huyu ni Sorrell Saba. Nimeingia Piney, niko darajani. Barabara inateleza. Mimi niko salama.”

Hakukuwa na mchakacho. Sauti ilikuwa imesimama pale kando ya birika, na nyuma yake ilisikika mipira ya kioo cha gari ikifuta mvua, na hata koo la Kenton alipomeza mate. Oleta alifungua mdomo.

Binti wa Maddock akawahi. “Nimekupata, Sorrell Saba. Nakusikia vizuri kabisa.”

“Oleta?” Gaddy alikuwa anaita kwenye sikio la pili. “Upo? Mmoja kalala katikati ya lami.”

“Subiri, Lowell,” Oleta akasema. “Kuna mtu anaongea.”

Na mwenyekiti wa makamishna wa kaunti ya Sorrell, mvua ikimpiga shingoni na fahali wake wote wakiwa barabarani, akasubiri.